Bahari ya Mamangu

Desemba ikifika, Komarock hupungua watu. Wengine wameenda ushago, wengine wamepanda treni hadi Mombasa, na simu yangu imejaa picha za mchanga. Wengi ni wale tulioanza chuo pamoja, wanasherehekea kuhitimu. Mimi niliacha mwaka wa tatu.

Nikichoka kutazama miguu ya watu baharini, napanda matatu hadi tao, naingia Nairobi Gallery, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Jengo hilo la 1913 ndilo watu walikoandikisha vizazi, ndoa na vifo. Siku hizi lina vitu alivyokusanya Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya. Alikalia kiti hicho miezi michache tu mwaka wa 1966, akajiuzulu. Nasimama mbele ya vinyago nikijiuliza nyumbani walimwambia nini.

Mamangu hakusema kitu. Karo ya muhula ambao sikurudi aliitumia kuchimba kidimbwi mbele ya nyumba, akatia mayungiyungi na samaki watano. Nilidhani ananisuta. Mwaka mzima nilipita hapo bila kuangalia.

Juzi jua lilikuwa kali, na mifereji ilikuwa imekauka siku ya nne. Nikamkuta akiwamwagia samaki mtungi wa maji tuliyonunua.

"Mum, si hayo ni ya kunywa?"

"Na hawa wataishi wapi? Vua viatu, ukae."

Nikatia miguu majini. Sikupiga picha.