Siku tatu katika pwani ya Norfolk

Anayetaka kuiona Uingereza isiyo ya London na afike stesheni ya Liverpool Street asubuhi na mapema, apande treni ya kwenda mashariki na kuketi upande wa dirisha. Baada ya muda wa saa mbili hivi atateremka Norwich, mji mkuu wa jimbo la Norfolk. Njia nzima ni tambarare. Macho hayakutani na mlima hata mmoja, ila mashamba ya nafaka, minara ya makanisa ya kale na mbingu pana mno.

Mwandishi wa makala haya alikwenda huko mwezi wa Agosti kumtembelea dada yake, ambaye ni muuguzi na anaishi Norwich na mumewe pamoja na watoto wao wawili. Dada hufanya kazi kwa zamu, leo usiku kesho mchana, na mapumziko aliyoweza kuyapata wakati huo yalikuwa siku tatu tu. Akazigawa mbele ya watoto kama mtu anayegawa nyama: siku ya kwanza Great Yarmouth, ya pili kwenye maziwa, ya tatu Happisburgh. Kwa nini Happisburgh, ambako hakuna bembea wala sarakasi? Shemeji alicheka, akatoa mfukoni kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne. Lilikuwa tangazo la nyumba.

Tutalirudia tangazo hilo. Kwanza Yarmouth.

Great Yarmouth ni mji wa wafanyakazi. Tangu reli ilipofika katika karne ya 19, watu wa viwandani wamekuwa wakienda huko na watoto wao kuota jua, pale jua linapokubali kutoka. Kuna ufuko mrefu wa mchanga, kuna magati yaliyojengwa kuingia baharini kwa ajili ya starehe, na kuna mashine za michezo zinazomeza sarafu bila huruma. Jambo la kustaajabisha kuliko yote ni jumba la sarakasi liitwalo Hippodrome, lililojengwa mwaka 1903. Katikati ya maonyesho uwanja wake huzama chini, maji yakajaa, na pale walipokuwa wakiruka wanasarakasi sasa wanaogelea wengine. Mpwa wangu wa kike, mwenye umri wa miaka sita, alinishika mkono akauliza kama na viti vyetu vitazama.

Lakini mji huu haukujengwa na starehe, ulijengwa na samaki. Heringi walipita katika Bahari ya Kaskazini kila majira ya kupukutika majani, na mwaka 1913, ambao ndio uliokuwa kilele, mashua zaidi ya 1,000 zilivua kutoka bandari hiyo. Maelfu ya wanawake wa Uskochi walisafiri kwa treni kulifuata kundi la samaki kusini, bandari hadi bandari, wakiwapasua na kuwatia chumvi, vidole vimefungwa vitambaa ili kisu kisiwakate. Leo kiwanda kimoja cha kukaushia samaki kwa moshi kimegeuzwa kuwa makumbusho yaitwayo Time and Tide. Ukiingia ndani, kuta zenyewe bado zinanuka moshi na samaki. Aliyewahi kupita penye matanuri ya samaki kando ya Ziwa Viktoria hatahitaji kuelezwa. Bahari ilivuliwa kupita kiasi, na kufikia miaka ya 1960 kazi hiyo ilikuwa imekwisha. Bahati ya mji ni kwamba mwaka 1965 gesi iligunduliwa chini ya bahari hiyo hiyo, na baadhi ya wana wa wavuvi wakaenda kufanya kazi kwenye mitambo.

Siku ya pili tulikwenda kwenye maziwa yaitwayo Broads. Haya ni maziwa madogo yapatayo 60, yaliyounganishwa na mito inayokwenda polepole, na mtu anaweza kusafiri kwa mashua kiasi cha kilomita 200. Kila mtu aliamini kwamba yaliumbwa na Mungu kama maziwa mengine, hadi miaka ya 1950, ambapo mtaalamu wa mimea aitwaye Joyce Lambert alipima udongo wa chini na kuona kwamba kingo zake zimesimama wima kama za shimo lililochimbwa kwa sepetu. Kumbe ndivyo yalivyokuwa. Katika karne za kati wakazi walichimba mboji ya kuchomea moto, wakachimba miaka na miaka, kisha maji ya bahari yakapanda na kuyafurika mashimo yao.

Mashua ndogo ya injini hukodishwa kwa saa, na hakuna cheti kinachohitajika. Shemeji ni mzaliwa wa Kigoma. Alitutangazia kwamba babu zake walivuka Ziwa Tanganyika usiku bila taa, akakataa maelezo ya mwenye mashua, na dakika kumi baadaye alituingiza katikati ya matete. Bata wawili walitutazama kwa muda mrefu.

Mwenye siku nyingi zaidi yangu na aende pia Blakeney, ambako mashua huondoka kijiji cha Morston kuwaonyesha watu sili, wale wanyama wa baharini wenye uso kama wa mbwa na macho ya kusihi. Mwezi wa Desemba, kama anaweza kustahimili baridi, atakuta wamezaa watoto weupe kwa maelfu mchangani. Hunstanton ina magenge yenye tabaka nyekundu na nyeupe. Katika jumba la kifalme la Sandringham alifariki Mfalme George wa Sita tarehe 6 Februari, 1952, huku binti yake Elizabeth akiwa ziarani Kenya. Jumba hilo lilifunguliwa kwa umma mwaka 1977, na kiingilio chake ni kikubwa kwa mshahara wa muuguzi, kwa hiyo nalo tuliliona kwenye kadi ya posta.

Sasa tangazo. Lilieleza nyumba ya vyumba vitatu, bustani, madirisha yanayotazama bahari, katika pwani jirani na Happisburgh. Bei yake haikufika nusu ya bei ya nyumba kama hiyo Norwich. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwamba mnunuzi alipe fedha taslimu tu. Dada na shemeji walikuwa wamedunduliza kwa miaka tisa, zamu juu ya zamu, na fedha zile zilikaribia kutosha. Nyumba yao ya kupanga ina ukungu ukutani, na mtoto mdogo anakohoa.

Happisburgh, ambayo wenyeji huitamka "Heizbra", ni kijiji chenye kanisa la mnara mrefu na mnara wa taa ya meli wa mistari myekundu na myeupe, uliojengwa mwaka 1790. Kuna barabara ya lami inayokwenda ufukoni. Ukiifuata inaishia hewani. Haina kituo, haina mzunguko. Lami imekatika kama mkate ulioumwa, na chini kuna bahari. Magenge ya hapa si mawe, ni mchanga na udongo. Mvua huyalainisha kutoka juu, mawimbi ya dhoruba huyachimba kutoka chini. Kingo za mbao na chuma zilizojengwa zamani zilivunjika, na serikali ilipokadiria gharama iliona kwamba kukilinda kijiji kidogo ni ghali kuliko kukiacha. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 nyumba kadhaa za ukingoni zilinunuliwa kwa fedha za umma na kubomolewa. Hiyo ilikuwa hisani ya mara moja. Kwa kawaida sheria ya Uingereza haimlipi fidia mtu ambaye nyumba yake imeliwa na bahari. Bima nayo huwa hailipi, na benki haikopeshi. Ndiyo maana ya fedha taslimu.

Hatuwezi kuwacheka. Nasi tuna Kunduchi, ambako mawimbi yameangusha majengo, na kisiwa cha Maziwe mbele ya Pangani, kilichokuwa na miti na sasa ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa.

Bahari hii inayoiba ndiyo pia iliyofichua ajabu kubwa. Mwezi wa Mei 2013 mawimbi yaliondoa mchanga chini ya genge la Happisburgh, zikaonekana nyayo kama 50 katika udongo mgumu, za watu wazima na watoto waliopita hapo kati ya miaka 850,000 na 950,000 iliyopita. Hazijapata kuonekana nyayo za kale kuliko hizo za binadamu nje ya Afrika. Wataalamu walizipiga picha kwa haraka kati ya kupwa na kujaa kwa maji, na kabla wiki mbili hazijapita zilikwisha kufutika. Nyayo za Laetoli, kule kwetu Ngorongoro, zilizogunduliwa mwaka 1978, zina umri wa miaka milioni 3.6 na bado zipo, kwa sababu zilihifadhiwa na majivu ya volkano na baadaye zikafukiwa makusudi ili zisiharibike. Nilipowasimulia wapwa zangu habari hiyo walivua viatu, wakakanyaga mchanga mbichi kwa nguvu, kisha wakakaa kusubiri wimbi.

Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri, hilo lazima lisemwe. Kuta zilikuwa kavu. Dada alisimama jikoni, akafungua bomba, akafunga, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma na kuanza kutembea kuelekea baharini akihesabu kwa Kiswahili. Hatua thelathini na moja. Mzee wa nyumba ya pili, aliyekuwa akimwagilia maua yake, alituambia bila kuulizwa kwamba alipohamia hapo mbele yake palikuwa na bustani, na mbele ya bustani njia, na ng'ambo ya njia nyumba nyingine. Shemeji alimuuliza yeye atahama lini. Mzee akajibu kwamba kwanza anasubiri nyanya zake ziive.

Hakuna aliyezungumza ndani ya gari mpaka Cromer. Huko kuna gati la mwaka 1901 lenye ukumbi wa maonyesho kwenye ncha yake, na mbele zaidi nyumba ya mashua ya uokoaji. Henry Blogg, mvuvi wa kaa wa mji huo, alitumikia mashua ya uokoaji kwa miaka 53 kwa kujitolea, na yeye na wenzake waliokoa watu 873, hakujua kuogelea. Kaa wa Cromer wanasifiwa Uingereza nzima kwa utamu wao, nami nakiri sifa hiyo ni ya haki, ingawa pilipili na ndimu ilibidi tutoe katika mkoba wa dada.

Tulikula tumeketi katika benchi la gati, upepo ukivuma. Watoto walipomaliza, shemeji alitoa tena ile karatasi mfukoni, akaikunjua magotini na kukusanyia magamba ya kaa. Dada akaipokea, akaifunga vizuri, akaenda kuitupa pipani, kisha akaangalia saa yake. Zamu yake ilikuwa inaanza saa moja asubuhi.