Safu ya Njia

Kopo la parasetamoli lina vidonge 1,000. Linapofika kwenye kituo chetu cha afya, huku Walikale, mashariki mwa Kongo, nalifungua mbele ya mjumbe wa kamati ya eneo la afya, tunahesabu, naandika kwenye fishi ya akiba, kisha vidonge vinaanza kutoka kidogo kidogo ndani ya karatasi iliyokunjwa. Mgonjwa haoni kopo wala fakti ya ununuzi. Anaona karatasi na kiasi anachodaiwa. Kwa miaka mingi niliona kazi yangu ni hiyo tu: dawa iwepo, bei itajwe, mtu alipe au aahidi kulipa.

Aliyenibadilisha ni mama mmoja aliyeniletea mtoto anayehara na kutapika, macho yameingia ndani. Alihitaji seramu. Nilipomtajia bei aliniuliza kwa upole, "Dokta, ile chupa si maji na chumvi? Goma iko bei gani?" Sisi wauguzi wa vijijini tunaitwa dokta, na anayekuita hivyo ameshakukabidhi mtoto wake. Bei ya Goma nilikuwa naijua. Sikumwambia. Nilimjibu, "Mama, hii ndiyo bei ya kituo." Akavua kitenge cha juu, akakiacha mezani kama rehani. Mtoto alipona. Kitenge kilikaa kabatini kwangu mpaka alipomaliza deni, na kila nilipofungua kabati nilikiona.

Usiku mmoja nilitoa fakti zote nikakaa na kalamu. Tuanze na uzito. Ndege ndogo zilizokuwa zikituletea mizigo kutoka Goma zilitoza kwa kilo. Kilo ya vidonge inahudumia watu wengi sana. Kilo ya seramu ni chupa mbili za nusu lita, na hizo chupa mbili ndizo anazohitaji mtoto mmoja wa kilo 10 aliyekauka kabisa. Kwa hiyo kitu rahisi kuliko vyote kiwandani kinakuwa ghali kuliko vyote kwetu, kwa sababu ni maji na maji ni mazito. Ukiikwepa ndege unapita Sake, unapanda Masisi, unateremka kuja huku kwa matope, katoni zimefungwa nyuma ya pikipiki ya motari, na kila bariyeri ina mtu wake wa kulipwa. Mwaka 2017 watafiti wa shirika la IPIS walihesabu vizuizi 798 barabarani katika Kivu ya Kaskazini na Kusini. Katoni yangu haikupita vyote, lakini vile iliyopita nilivilipia, na mgonjwa akanirudishia bila kujua.

Kuna na chenji. Noti ndogo za franka zimechakaa na kupotea huku kwetu, kwa hiyo kila bei inasogezwa juu mpaka ifike kwenye noti ambayo mtu anayo mfukoni. Depo tunakonunua dawa inataka dola, tena dola isiyo na mpasuko, nasi tunauza kwa franka. Franka ikishuka kabla mzigo haujaisha, kopo linalofuata hatuliwezi, basi tunapandisha mapema kwa hofu.

Halafu kuna sisi wenyewe. Tangu mawaziri wa afya wa Afrika walipokutana Bamako mwaka 1987, tulifundishwa kwamba faida ya dawa ndiyo itakayoendesha kituo. Wauguzi wengi wa vijijini hawamo kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Primu, yaani malipo yetu, zinatoka ndani ya lile kopo, na sehemu nyingine inapanda kwenda ofisi kuu ya zoni ya afya. Usiku ule niliona jambo ambalo sikuwa nimelihesabu kamwe: faida yetu tuliipiga juu ya gharama yote, pamoja na ndege, motari na bariyeri. Maana yake, njia ikiharibika, kituo kinapata zaidi. Bariyeri ikiongezwa, primu yangu inakua. Hakuna aliyeipanga hivyo, lakini mama wa kitenge alikuwa ameilipa.

Nilipeleka ubao mbele ya kamati ya eneo la afya, CODESA, wenye safu nne: Depo, Njia, Kituo, Jumla. Nilikuwa nimeanza kuandika majina ya bariyeri na kiasi cha kila moja. Mzee anayeongoza kamati aliyasoma polepole, akasema, "Muganga, hayo majina uyafute. Andika njia." Nikayafuta. Watu wote wanajua ndani ya neno hilo kuna nani.

Kamati iliamua faida ihesabiwe juu ya bei ya depo tu. Seramu ilishuka ingawa barabara haikubadilika hata kidogo. Primu nazo zilishuka, na mwenzangu mmoja mwenye watoto shuleni hakunisalimia kwa wiki kadhaa. Sikuwa na la kumwambia, kwa sababu alikuwa na haki ya kulipwa na serikali, si na mtoto anayehara.

Mdogo wangu anayeishi Marekani nilipomsimulia alisema nao wana ugonjwa wa namna hii. Huko kuna makampuni ya kati yanayosimamia dawa kwa niaba ya bima. Mara nyingi hubakiwa na sehemu ya punguzo wanalotoa wenye viwanda, na punguzo hunenepa pale bei ya kwenye karatasi inaponenepa. Jimbo la Arkansas lilitunga sheria mwaka 2015 ili mfamasia asilipwe chini ya bei aliyonunulia dawa. Makampuni yakashtaki, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ikalipa jimbo haki. Nilimwonea wivu: wana mtu wa kumwita mahakamani.

Sisi tuna sheria ya afya ya umma ya tarehe 13 Desemba 2018, na tangu mwaka 2020 tuna ACOREP, mamlaka inayosimamia dawa: vibali, ubora, ukaguzi. Ninaiheshimu kazi hiyo, maana dawa bandia nimeziona. Lakini naiomba serikali iongeze karatasi moja. Kila depo, ya umma au ya binafsi, iandike kwenye fakti bei yake na gharama ya usafiri kila moja mahali pake, na kila kituo kibandike fakti hiyo ukutani. Depo moja ya binafsi iliwahi kunipa kipande chenye jumla peke yake. Ningejaza vipi safu zangu kwa kipande kile?

Mwaka 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi-kati mwezi Januari, kisha Goma, na mwezi Machi wakafika Walikale-kati kabla ya kuondoka tena Aprili. Kiwanja cha ndege cha Goma kilifungwa. Ubao bado upo. Depo na Kituo huwa nabadilisha mara moja moja. Njia naifuta na kuiandika upya kila mzigo unapofika, na watu husoma hiyo kwanza.