Pedali za kunasa ao pedali za kawaida? Namna nilivyokata shauri

Tangu watu waone kwenye simu na televisheni mashindano ya dunia ya baiskeli yaliyofanyika Kigali mwezi wa tisa 2025, kuna swali linalonifuata kila mahali ninaposimamisha kinga yangu. Watoto wa Mugunga huuliza viatu vyangu vinalia kwa nini. Wakubwa huuliza ni bei gani. Mama mmoja aliyekimbia kutoka Masisi alinitazama natembea, akasema: «Mwanangu, unatembea sawa bata.» Alisema kweli. Leo nitajibu wote pamoja, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa na shauri la kukata juu ya hizo pedali, na halikuwa shauri jepesi.

Kwanza nieleze kitu chenyewe. Waendesha kinga wa hapa Goma wanaziita pedali otomatiki. Chini ya kiatu kunafungwa kipande kinachoitwa kale. Ukikanyaga, kale inaingia ndani ya pedali na kunasa kwa nguvu ya springi. Kutoka, unazungusha kisigino kwenda nje, mguu unaachiliwa. Mbele ya hapo wakimbiaji walikuwa wanafunga miguu kwa mikanda ya ngozi. Kampuni ya Ufaransa, Look, ilichukua mfano wa vifungio vya viatu vya kuteleza kwenye theluji, ikatoa pedali zake mwaka 1984. Mwaka 1985 Bernard Hinault alishinda Tour de France akizitumia, na polepole mikanda ikaanza kusahaulika. Mwaka 1990 kampuni ya Japani, Shimano, ikatoa aina nyingine kwa ajili ya njia za milima: kale yake ni ndogo, ya chuma, inafungwa kwa skrubu mbili na kufichwa ndani ya soli, ili mtu aweze kushuka na kutembea.

Pedali zangu ni za aina ile ya barabara, yenye skrubu tatu. Zilikuja pamoja na kinga niliyonunua ikiwa imetumika. Kale yake ni ya plastiki, pana, na inatokeza chini ya soli. Kwenye nchi yenye lami hadi mlangoni, hakuna shida. Lakini ninyi mnaujua mji wetu. Tunajenga juu ya mawe ya Nyiragongo. Lava ya 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na ya 2021 ilikata barabara ya Rutshuru. Jiwe lile linakata tairi, linakata viatu vya watoto, na plastiki ya kale linaitafuna kama panya. Kale ambayo ingepaswa kudumu muda mrefu, kwangu inalika haraka.

Mwezi wa tatu, kwenye kipando kidogo mbele ya kufika Sake, mguu wa kushoto ulichomoka wakati nimesimama juu ya pedali. Nilianguka upande wa njia, chukudu iliyobeba mkaa ikanikwepa. Goti lilichubuka, mashine ya kurekodi ilipona. Fundi wangu, mzee wa Birere, aligeuza kiatu, akapitisha kidole, akasema: «Kijana, hapa hapana tena kitu cha kushika.»

Basi nilikuwa na njia tatu.

Ya kwanza: kubaki na aina ileile na kuipandisha daraja. Rafiki wa kundi letu la asubuhi ya siku ya posho alikuwa anauza pedali nyepesi za kaboni pamoja na kale mpya, kwa dola 95. Nzuri sana. Ukizishika mkononi unaona kama hazina uzito.

Ya pili: kuhamia aina ya skrubu mbili, kale ya chuma iliyofichwa. Hapo ningehitaji na viatu vingine, sababu vyangu vina matundu matatu tu.

Ya tatu: kurudi kwenye pedali za kawaida, zile za kila kinga sokoni, na kuvaa kiatu chochote.

Ninyi mnajua dola 95 ni nini wakati huu. Tangu benki za mji zifungwe mwanzo wa 2025, pesa ya mkononi inatafutwa kama maji. Hiyo dola 95 kwangu ni karo, ni chakula, ni mafuta ya jenereta ya studio. Kwa hiyo sikutaka kuamua kwa macho. Nilifanya hesabu nyingine: kwa siku sita niliandika kwenye daftari kila mara nilipoweka mguu chini. Siku ya kwenda Sake na kurudi, ambayo ni karibu kilometa 50, niliweka mguu chini mara 41. Mashimo, mbuzi, magari ya mizigo, watu wanaonisimamisha kusema neno kwa redio, na vizuizi. Mkimbiaji wa mashindano anaweza kuweka mguu chini mara mbili tu, mwanzo na mwisho. Pedali ya dola 95 ilitengenezwa kwa ajili yake.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo lililonipa uzito moyoni. Mwaka 2023 na 2024, nilipokuwa nikipanda Kanyaruchinya ao kushuka Bulengo kuchukua habari za familia zilizohama, niliwauliza watu wengi walibeba nini siku ya kukimbia. Wengi walinijibu kwa kuhesabu: sufuria, mtoto, godoro. Karibu kila mmoja aliniambia pia alikuwa amevaa nini mguuni, kwa sababu kiatu cha siku ile ndicho alichotembea nacho kilometa zote. Kuko waliofika na kandambili moja. Vita vilipoingia Goma mwezi wa kwanza 2025, nilielewa vizuri zaidi. Siku hiyo kinga ilibaki ndani ya nyumba. Nilikimbia kwa raba za kawaida, na zilinifikisha. Kwa viatu vyenye kale ya kutokeza, juu ya lava, mtu hafiki kwenye kona ya kwanza. Na kwenye kizuizi, mwenye bunduki akiinua mkono, hasubiri wewe uzungushe kisigino.

Lakini sitadanganya kwamba pedali ya kunasa ni urembo tu. Kwenye barabara mbaya mguu unabaki mahali pake, hauruki. Ukisimama kupanda, unakanyaga bila woga wa kuteleza. Na goti langu linapenda mguu ukae sehemu moja. Kuacha yote hayo kungeniuma.

Fundi ndiye aliyenionyesha njia ya kati. Kuna pedali zenye nyuso mbili: upande mmoja unanasa kale ya chuma ya skrubu mbili, upande wa pili ni bapa kama pedali ya kawaida. Zimezidi zile za kaboni uzito, zaidi ya gramu 100 kwa jozi. Begi langu la kazi, lenye maji, mipira ya akiba na mashine, linazidi kilo 4. Gramu 100 hazitanichelewesha kwenye taarifa ya jioni.

Nimenunua hizo, zilizotumika, kwa dola 38. Siku za kazi navaa raba na kukanyaga upande wa bapa. Viatu vya kale ya chuma nitanunua baadaye, pesa ikipatikana, kwa ajili ya siku ya posho. Mabaki ya zile dola 95 yamelipa karo ya mwezi.

Kwa wenye kinga wanaotaka kubadilisha pedali, nawapa maneno matatu ya fundi. Pedali ya kushoto inafunguka kinyume: unazungusha kuelekea kulia. Wengi wameharibu mkono wa pedali kwa kulazimisha. Paka grisi kwenye nyuzi mbele ya kufunga. Na kama unatumia pedali za kunasa, legeza springi kabisa mwanzoni, ufanye mazoezi ya kutoa mguu ukiwa umeegemea ukuta, mpaka mguu utoke bila kufikiri.

Halafu hesabu mara ngapi unaweka mguu chini kwa siku. Hesabu hiyo ni ya bure, na itakuambia pedali gani ni yako.