Bunduki Kuukuu za Iringa na Mbeya

Barabara kuu inayotoka Iringa kwenda Mbeya inapita Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala na Igurusi kabla ya kufika Uyole. Safari hii niliifanya nikiwa na jambo moja moyoni: bunduki za zamani zilizowinda katika nyanda hizi zimeishia wapi, na watu wanazikumbukaje? Mikoa hii inapakana, baridi yao ni moja, na mifugo na mahindi yao huuzwa katika minada ileile. Lakini ukitaja bunduki, Iringa atakujibu mtu anayezungumzia vita na Mbeya atakujibu mtu anayezungumzia riziki.

Nilianzia Kalenga, mwendo mfupi kutoka mjini Iringa. Makumbusho yake ni jengo dogo, na watu huja hasa kuliona fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililorudishwa mwaka 1954 na Gavana Edward Twining baada ya kukaa Ujerumani zaidi ya nusu karne. Macho yangu yalikwenda kwenye silaha: mikuki, ngao, marungu, na bunduki. Mtu akitazama haraka atadhani mikuki ilikuwa ya kale na bunduki zilikuwa za kisasa. Ukweli ni kwamba bunduki nyingi zilizofika Uhehe zilikuwa zimekwisha kuwa kuukuu zilikotoka. Majeshi ya Ulaya yalipoacha bunduki za kupakiwa kwa mbele, kati ya miaka ya 1860 na 1870, maelfu kwa maelfu ya silaha hizo yalipakiwa melini na kuuzwa Zanzibar. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipitia Zanzibar kila mwaka. Kutoka pwani zilipanda bara pamoja na misafara ya pembe za ndovu.

Hayo ndiyo magobore. Baruti humiminwa mdomoni mwa mtutu, kisha kitambaa, kisha goroli au vipande vya chuma, na vyote hushindiliwa kwa ufito. Mwindaji ana mlio mmoja tu. Moshi mweupe unamfunika, naye hajui kama amepata au amekosa mpaka upepo uuondoe. Mtutu wa gobore hauna mifereji ya kuizungusha risasi, kwa hiyo risasi haina njia iliyonyooka. Ndiyo maana mwindaji wa gobore alilazimika kunyata mpaka hatua thelathini au arobaini kutoka kwa mnyama, na kwa nyati umbali huo ni wa kufa au kupona.

Silaha hii ilidumu Afrika, lakini si kwa sababu Waafrika hawakujua nyingine. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalitia sahihi mkataba huko Brussels. Pamoja na kupiga vita biashara ya utumwa, mkataba huo ulizuia bunduki za kisasa zenye mifereji kuingizwa katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya Ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Bunduki za gumegume, zisizo na mifereji, ziliweza kuendelea kuuzwa pamoja na baruti ya kawaida. Ubaguzi wa silaha ulianza kwenye karatasi, na nilipofika Mbeya niliukuta bado unatembea.

Mwaka mmoja baada ya mkataba huo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe waliuvunja msafara wa kijeshi wa Mjerumani Emil von Zelewski pale Lugalo, mashariki ya Iringa. Zelewski mwenyewe aliuawa pamoja na zaidi ya askari 200. Wahehe wengi siku hiyo walikuwa na mikuki. Inasimuliwa kwamba ishara ya kushambulia ilikuwa mlio wa bunduki, na kwamba ofisa mmoja Mjerumani ndiye aliyempiga risasi ndege, Wahehe wakadhani ishara imetolewa, wakatoka vichakani. Kama simulizi hilo ni kweli, basi mlio wa kuwinda ndio ulioanzisha vita. Bunduki karibu 300 ziliangukia mikononi mwa Mkwawa. Hazikumwokoa ngome yake ya Kalenga ilipopigwa kwa mizinga mwaka 1894, naye akaishi msituni miaka minne hadi alipojipiga risasi Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898.

Mjini Iringa, katika Boma la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho ya mkoa, historia hii inapewa nafasi yake, na naona fahari ya wenyeji kuwa ni ya haki. Ila uwindaji wenyewe hausikiki sana. Mtu akitoka pale anajua Wahehe walipigana vipi. Hajui walikula vipi, walimnyatia tandala vipi, wala nani alikuwa fundi wa kutengeneza gobore lililovunjika kitako.

Hayo nilikwenda kuyauliza Tungamalenga, kijiji kilicho njiani kwenda lango la Hifadhi ya Ruaha. Nilikaa na mzee mmoja aliyewahi kuwa askari wa wanyamapori. Nilimsalimu "Kamwene, mzee," akaitikia kwa furaha, akaagiza niletewe kiti. Alinieleza kwamba zamani, kabla ya mtu kwenda kuwinda, wazee wa ukoo waliambiwa, na nyama ikirudi ilikuwa na mgawanyo wake: kuna pande la mwenye bunduki, pande la aliyefyatua, pande la mwenye mbwa. Bunduki moja ilihudumia nyumba nyingi. "Mwanangu," akasema, "baruti ilikuwa ghali. Hukufyatua mpaka umeona sikio la mnyama linavyochezesha nzi."

Sentensi hiyo naiamini. Lakini nilimuuliza pia kuhusu wanyama waliojeruhiwa, naye hakuficha. Alipokuwa kazini aliwahi kukuta nyati wenye goroli mwilini, usaha unatoka, wamekuwa wakali kwa maumivu. Nyati wa namna hiyo humsubiri mtu yeyote anayefuata, awe mwindaji au mama anayetafuta kuni. Hapo ndipo sifa za gobore zinapofika mwisho kwangu. Uvumilivu wa mwindaji wake ni wa kuheshimiwa. Jeraha linaloachwa na silaha yenyewe halina utetezi.

Siku hizi vijiji vya Idodi na Pawaga vina jumuiya yao ya hifadhi, MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Wanyama wa ardhi ya vijiji wana wenyewe wanaotambulika na sheria, na kijiji kinaweza kupata mapato. Ni hatua njema, hata kama mapato hayo yana panda shuka zake.

Kutoka Iringa nilipitia Makambako, iliyo Njombe. Njombe sasa ni mkoa, lakini mambo nitakayoyataja yalitokea zamani ulipokuwa wilaya tu. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1930 hadi 1947, simba walikula watu katika eneo hilo kwa kiwango cha kutisha. George Rushby, Bwana Nyama (ofisa wa wanyamapori) aliyetumwa kuwaua, alikadiria waliouawa kufikia 1,500. Wenyeji walisema simba wale walitumwa na mganga, jumbe aliyevuliwa cheo chake. Rushby alitoa sababu nyingine: serikali ya kikoloni ilikuwa imewaua wanyamapori kwa wingi katika ukanda huo ili kuzuia sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, isivuke kwenda kusini. Swala na nyati walipomalizwa, simba wakabaki na binadamu. Ninaposoma habari hii huwa najiuliza kwa nini husimuliwa kama kisa cha ushujaa wa mwindaji mmoja. Bunduki za serikali ndizo zilizoondoa chakula cha simba, na wakulima Wabena wa Njombe ndio waliolipa. Walilipa wakiwa hawana silaha ya maana, kwa kuwa baada ya Vita vya Maji Maji, ambavyo vilifika hadi misheni ya Yakobi mwaka 1905, utawala wa Wajerumani ulikusanya bunduki za raia, na Waingereza waliofuata waliendelea kuzibana.

Rushby ananipeleka Mbeya, maana alilima kahawa huko na akafanya kazi ya Bwana Nyama huko. Kabla ya kuajiriwa aliwahi kuwinda tembo kwa magendo, na hakulificha jambo hilo katika maandishi yake. Mji wa Mbeya ulikua kwa dhahabu ya Lupa, Chunya, kuanzia miaka ya 1920. Machimbo yalileta maelfu ya vibarua, vibarua walitaka kitoweo, na kitoweo kilitoka porini. Ndiyo sababu Mbeya bunduki haikumbukwi kwa jina la mtawala. Inakumbukwa kwa sufuria.

Nilipanda gari la Chunya, barabara inayokwea milima hadi juu ya mawingu kisha kuteremka kwenye joto na miti ya miombo. Huko mazungumzo yalikuwa ya namna nyingine kabisa na ya Iringa. Wazee walitaja bunduki kwa namba. Walijua 303 ya Waingereza, walijua 404 iliyotengenezwa na Jeffery, ambayo idara ya wanyamapori ya Tanganyika iliwapa askari wake kwa kazi ya kuwafukuza tembo mashambani. Walijua pia Mauser ya Kijerumani. Hilo halinishangazi: Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alisalimisha jeshi lake tarehe 25 Novemba 1918 huko Mbala, ng'ambo ya mpaka katika Zambia ya leo, na wakati huo askari wake walibeba kwa sehemu kubwa bunduki walizoteka kwa Waingereza na Wareno. Jeshi linalotembea miaka minne huacha silaha zake njiani.

Kaskazini ya Chunya yako mapori ya Lukwati na Piti, na ukiendelea unafika Rungwa. Humo kuna vitalu vya uwindaji wa kitalii. Kila mwaka kuanzia Julai huja wageni, na baadhi yao hawataki bunduki mpya. Wanakuja na bunduki za mitutu miwili zilizoundwa London au Birmingham kabla ya Vita vya Pili, kazi ya Rigby, Holland & Holland au Westley Richards, zenye nakshi ubavuni na kitako cha mti wa jozi. Bunduki moja ya aina hiyo inaweza kugharimu kuliko nyumba nzuri ya Mwanjelwa, jijini Mbeya. Kwa sheria wako sawa: wana kibali cha muda cha kuingiza silaha, wana leseni, wana mwindaji bingwa anayewaongoza, na kipenyo cha bunduki kwa wanyama wakubwa wa hatari hakipungui .375. Risasi yake inaua, haichezi. Kwa upande wa mnyama, bunduki ile ni ya haki kuliko gobore.

Lakini katika pori lilelile, kijana wa kijijini akikamatwa na gobore la babu yake na mguu wa swala, mgongoni mwake kuna makosa mawili: silaha bila kibali na nyara za serikali. Anakwenda jela miaka. Bunduki mbili, zote kuukuu. Moja ni urithi, nyingine ni kidhibiti. Sisemi kijana aachwe. Tumeona jinsi ujangili ulivyowapunguza tembo wa Ruaha, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 pamoja na ile ya silaha ya mwaka 2015 zina sababu zake. Tangu mwaka 2020 kuna pia kanuni zinazoruhusu mabucha ya nyamapori, kwa hiyo mtu anaweza kula swala kwa halali. Ninachosema ni kwamba umaskini wa silaha yake ulipangwa Brussels mwaka 1890, na kumbukumbu ya wawindaji wa upande wake haijaandikwa na mtu. Rushby ana kitabu. Mzee wa Chunya aliyembebea mtu kama Rushby bunduki ya akiba, akasimama nyuma yake tembo akija, hana hata ukurasa.

Serikali hutangaza mara kwa mara vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari, bila kushtakiwa, na zilizokusanywa huteketezwa. Magobore ya kisasa yaliyofuliwa kwa mabomba yateketezwe yote, sina huzuni nayo. Lakini katika rundo lile kuna bunduki zenye mihuri ya viwanda vya karne ya 19, na pengine zilizopita mikononi mwa watu wa Lugalo, wa Merere, mtawala wa Usangu, au wa Lupa. Naliomba Jeshi la Polisi na wataalamu wa mambo ya kale wazichambue kabla ya moto, wazizibe mitutu zisifyatuke tena, na waziweke Kalenga, katika Boma la Iringa, na Mbeya nako zitafutiwe chumba. Nawe msomaji, kama bunduki ya babu bado iko darini, ipeleke kituoni kipindi hicho kikitangazwa. Na kabla hajaondoka duniani aliyeitumia, mrekodi kwa simu yako akueleze aliwinda wapi, na nani, na nyama waligawanaje.