Alama Arobaini za Insha

Kabla ya mwaka 1985, mtoto wa Kenya angeweza kumaliza shule ya msingi bila mtihani wa taifa kumdai hata sentensi moja ya Kiswahili. Mtihani huo, CPE, ulikuwa wa Kiingereza, hesabu na maarifa ya jumla. Kiswahili kilifundishwa, ila kwa kuwa hakikutahiniwa, kipindi chake ndicho kilichokuwa chepesi kuazimwa na mwalimu wa hesabu. Nayakumbuka mabadiliko yaliyofuata kwa jinsi yalivyokuja kwa kasi. Mwaka 1981 tume ya elimu ya Mackay ilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza, mtihani mpya wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, ukaja na karatasi ya lugha na, kando yake, insha. Hotuba zote za kuitukuza lugha ya taifa hazikuwa zimefanya kazi iliyofanywa na karatasi ile, na hapo ndipo linapoanzia dai langu: mtoto huandika kile anachojua kitapewa alama, hata tumhubirie nini kuhusu uandishi mzuri.

Uzuri na ubaya wa insha ya KCPE vyote vilitokana na hilo. Mtahiniwa alikuwa na dakika 40, na insha ilikuwa na alama 40. Mara nyingi alipewa mwanzo wa kisa, au mwisho wake, akikamilishe kwa maneno yake. Lilikuwa jambo kubwa: mtoto wa Turkana na wa Kwale, wenye lugha tofauti za nyumbani, wote walitakiwa kupanga fikira zao kwa Kiswahili. Lakini mtahini mwenye rundo la karatasi mbele yake huvutwa na kinachoonekana upesi, na kinachoonekana upesi ni pambo: methali, nahau, tashbihi, msamiati mzito. Walimu walilielewa hilo mapema. Wakatunga orodha za misemo, vitabu vya marudio vikazichapisha, na baada ya muda insha za nchi nzima zikawa na alfajiri moja. Kila mhusika alirauka majogoo wakiwika, akapiga mswaki, akastaftahi, akashika njia guu mosi guu pili. Hatari ilipotokea, akachanja mbuga. Siku iwe ya harusi au ya ajali, asubuhi ilikuwa ile ile. Naamini waliopoteza zaidi ni watoto wa pwani, ambao Kiswahili chao cha nyumbani, chepesi na sahihi, hakikuwa na mapambo ya kununulia alama.

Wapo wanaosema insha iachwe kabisa kwa kuwa haipimiki kwa haki. Hoja yao ina mashiko. Mwaka 1961 Paul Diederich na wenzake wa shirika la mitihani la ETS, huko Marekani, waliwapa wasomaji 53 insha 300 za wanafunzi wapya wa chuo, wazipange katika viwango 9. Insha 101 zilipata viwango vyote 9, na hakuna hata moja iliyopata viwango tofauti vilivyopungua 5. Wasomaji hao walikuwa walimu wa Kiingereza, wanasayansi, wanasheria, waandishi na wakuu wa biashara, watu waliozoea kusoma kwa makini. Ila wanaoutaja utafiti huo husahau upande wake wa pili. Wasomaji hawakuwa wamepewa vigezo vya pamoja, na maoni yao yalipochambuliwa ilionekana kwamba huyu alitafuta mawazo, yule mpangilio, mwingine usahihi wa sarufi, mwingine uteuzi wa maneno au ladha ya mtindo. Hawakuwa wakipima kitu kimoja, na kasoro hiyo ina dawa. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, imeitibu kwa kiasi. Insha ya alama 20 huwekwa kwanza katika kiwango, D ikiishia alama 5, C alama 10, B alama 15, na A alama 20. Nao watahini husahihisha insha chache pamoja na kulinganisha alama kabla ya kazi yenyewe kuanza.

Wengine watasema methali ni urithi, na kwamba kuzinyima alama ni kuutupa. Urithi huo naupenda mno, ndiyo maana sitaki uhesabiwe kama sarafu. Mzee anayeamua ugomvi hutaja methali moja mahali pake, na watu wakamwelewa. Mwanafunzi anayezirundika tano katika aya moja hajahitaji hata moja kati yake, na mwongozo unaomlipa kwa hilo unamzoesha kutozisikiliza.

KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023. Katika tathmini ya kitaifa ya KPSEA ya gredi ya 6, iliyoanza mwaka 2022, mtoto huchagua majibu. Uandishi umeachiwa tathmini za shuleni, ambako mwalimu huamua kama mtoto amezidisha matarajio, ameyafikia, anayakaribia au yuko mbali nayo. Lugha hiyo ya matarajio ni bora, kwa sababu inadai maelezo ya kile mtoto anachoweza. Ni kweli pia kwamba mtoto wa miaka 12 hapaswi kuhukumiwa kwa dakika 40. Hofu yangu ni kwamba uandishi utaazimwa tena kama kipindi kile cha zamani. Katika darasa la wanafunzi 60, insha moja kwa kila mmoja, ikisomwa kwa dakika tano tu, ni saa tano za mwalimu, na saa hizo hazimo katika ratiba yake. Ziwekwe. Na kila muhula walimu wa shule jirani wakutane wasahihishe insha chache pamoja, kama wafanyavyo watahini wa KCSE, ili mtoto aliyeyafikia matarajio Garissa awe ameyafikia vilevile machoni pa mwalimu wa Nyeri.