Garissa, ambako tairi humwiga ngamia

Ukitoka Nairobi kupitia Thika na Mwingi, msomaji mpenzi, utakwenda juu ya lami kilomita zipatazo 370 hadi daraja la Mto Tana. Ng'ambo ndiko Garissa, mji wa joto jingi, ngamia na chai tamu ya maziwa. Hadi hapo dereva yeyote aweza kujisifu. Mtihani huanza anapoiacha lami na kushika njia za mchanga ziendazo vijijini.

Huko kukwama si mzaha. Huenda gari lililozama limebeba mgonjwa apelekwaye hospitali, na maji ya kunywa mtunguni yana kiasi.

Mtazame ngamia basi. Hana kwato ngumu kama za punda. Akikanyaga, unyayo wake laini hutanuka na uzito kuenea mahali papana, ndiyo sababu hazami. Dereva mzoefu hufanya vivyo hivyo: hushuka na kupunguza upepo. Tairi lililojazwa pauni 35 likishushwa hadi 18 hivi hulala na kukanyaga eneo karibu maradufu. Uzito wa gari ni ule ule, lakini kila inchi ya mchanga hubeba karibu nusu tu ya mzigo wa awali.

Kisha kuna gia. Wengi hudhani gari likizama dawa ni kukanyaga mafuta. La hasha! Tairi linaloviringika vyema huwa limetulia pale linapogusa ardhi, kama mguu wa mtu anayetembea. Likianza kuteleza hugeuka jembe. Ukaidi wa dakika moja tu, na ekseli imelala juu ya mchanga!

Gia ya chini ambayo uwiano wake ni nne kwa moja huongeza nguvu za kuzungusha magurudumu mara nne, na mwendo huwa robo. Ichague kabla ya kuingia mchangani, wala usiibadilishe katikati. Ukikanyaga klachi tu, mchanga hulivuta gari likasimama.

Mvua zikinyesha, zile za Machi hadi Mei ambazo Wasomali huziita gu, au deyr za Oktoba hadi Desemba, mambo hugeuka. Kwenye tope, nguvu za gia ya kwanza huzungusha tairi bure. Afadhali ya pili, na mguu uwe mwepesi.

Yapo pia maji yasiyojali gia yoyote. Novemba 2023 mafuriko ya Tana yaliikata barabara hii ya Nairobi karibu na Madogo, wasafiri wakavushwa kwa mashua. Aprili 2024 mto ulifurika tena, na boti ikapinduka huko huko Madogo, watu wakafa. Ukiambiwa subiri, subiri.

Ukirudi kwenye lami, jaza upepo kabla ya kwenda kasi. Tairi legevu hujikunja na kujinyoosha kila linapozunguka, likapata moto mpaka likapasuka, na jua la Garissa halisaidii kitu. Kwa hivyo ukikodi gari hapo mjini, usianze na bei wala redio. Mwulize mwenyewe kama ana koleo, kipimo cha upepo na pampu, tena pampu ya kutumia betri. Ile ya mguu, katika jua lile, ni adhabu.