Kazi ya Mtaimbo

Watu wengi wakisikia kwamba kanisa fulani limeenda kusaidia watu kujenga upya baada ya kimbunga, picha inayowajia ni ya mbao mpya, misumari, na vijana waliovaa tisheti za rangi moja wakitabasamu juu ya paa. Mimi pia nilikuwa nikiona hivyo. Siku hizi naona mtaimbo na wilbaro. Naona mama ameketi kwenye kiti cha plastiki ng'ambo ya barabara, anaangalia wageni wakitoa maisha yake nje, kipande kwa kipande.

Picha hiyo niliipata kwa masikio. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo iliponishinda, na tangu hapo naishi kwa maneno: yangu mara moja moja, ya wenyewe karibu kila siku. Kazi inayolipa kodi ya keja yangu ni kusikiliza sauti zilizorekodiwa na kuziandika neno kwa neno. Unalipwa kwa dakika ya sauti, si kwa saa ulizokaa. Na dakika moja ya mzee wa Louisiana anayeongea huku ametafuna kitu inaweza kukula dakika kumi zako, manze.

Mwaka jana mteja mmoja wa Marekani alinitumia rundo la mahojiano ya zamani. Walioongea ni watu waliojitolea kupitia makanisa yao kwenda New Orleans baada ya Kimbunga Katrina, pamoja na baadhi ya wenye nyumba waliosaidiwa. Maneno yao si yangu, kwa hivyo sitayanukuu hapa. Lakini walitaja vitu vingi ambavyo sikuvielewa, na nikaanza kusoma usiku ili niandike sawasawa.

Kwanza, upepo sio uliomaliza New Orleans. Katrina ilitua pwani ya Louisiana tarehe 29 Agosti 2005. Jiji lenyewe limekaa kama bakuli. Karibu nusu yake iko chini ya usawa wa bahari, na linalindwa na kuta na matuta ya kuzuia maji. Kuta zilizojengwa na wahandisi wa jeshi la serikali kuu zilivunjika, na takriban asilimia 80 ya jiji ikaingia maji. Kuna mitaa ambayo maji yalikaa wiki kadhaa. Kwa hivyo hata neno "janga la asili" linahitaji kuwekewa alama ya kuuliza. Mvua na bahari ni kazi ya Mungu, sawa. Ukuta mbovu ni kazi ya mtu.

Pili, nyumba iliyokaa ndani ya maji hivyo haujengi upya mara moja. Unaanza kwa kuivua nguo. Nyumba nyingi za kule si za mawe kama zetu. Ni fremu ya mbao iliyofunikwa kwa jipsam, na katikati kumejazwa sufi ya kuzuia joto na baridi. Jipsam ikinywa maji inavimba kama mkate uliosahauliwa kwenye chai, kisha kuvu inaanza kupanda ukutani, nyeusi na ya kijani, hadi darini. Dawa yake ni moja: toa kila kitu. Makochi, zulia, kabati, choo. Ng'oa jipsam yote hadi ubaki na mifupa ya mbao. Ng'oa misumari mmoja mmoja. Piga dawa ya kuua kuvu. Ngoja ikauke.

Halafu kuna friji. Umeme ulipotea katikati ya joto la Agosti, nyama ikaozea ndani, na watu walirudi wakakuta harufu isiyoelezeka. Mafriji yalifungwa kwa tepu bila kufunguliwa, yakatolewa na kupangwa kando ya barabara, mtaa baada ya mtaa. Kwenye milango ya nyumba kulikuwa na alama kubwa ya X iliyopigwa kwa rangi na vikosi vya uokoaji, na katika pembe zake wameandika tarehe, jina la kikosi, hatari iliyomo, na idadi ya waliopatikana. Ukikuta sifuri, unashukuru. Wengine hawakukuta sifuri.

Hapo ndipo watu wa makanisa walipoingia na mitaimbo yao. Si kwamba waliamka siku hiyo wakaamua. Wamenno wana shirika lao, Mennonite Disaster Service, lililoanza mwaka wa 1950 huko Kansas. Wabaptisti wa Kusini walianza mwaka wa 1967 Texas, baada ya Kimbunga Beulah, kwa kuwapikia waathiriwa. Wanajulikana kwa tisheti zao za manjano. Hawa ni mafundi waliostaafu, walimu, wakulima, na wanafunzi waliotumia likizo yao kubeba takataka za mtu wasiyemjua. Na makundi hayo yaliendelea kurudi miaka mingi baada ya kamera kuondoka.

Sasa, mimi si mtu wa kanisa sana. Nilikuwa kwenye kwaya hadi nikaenda chuo, na niliporudi nyumbani bila digrii sikurudi kwenye kwaya. Kwa hivyo nilianza kazi hii nikiwa nimekunja uso. Nilidhani ni hadithi ya watu wenye mali kwenda kwa maskini wiki moja, kupiga picha, kulia kidogo wakati wa maombi, na kurudi kwao wakijisikia vizuri. Na ukweli usemwe, hilo pia lilikuwepo. Wengi wa waliojitolea walikuwa Wazungu kutoka majimbo ya mbali, na nyumba nyingi walizoingia zilikuwa za Wamarekani Weusi. Baadhi ya waliorekodiwa walilitaja wenyewe, kwa sauti ya chini.

Lakini kuna jambo lililonibadilisha mawazo, na halikuwa jambo la kiroho. Lilikuwa jambo la sheria.

Januari 2006, tume iliyoundwa na meya ilitoa mapendekezo ya jiji jipya, na ramani ikachapishwa gazetini. Juu ya baadhi ya mitaa kulikuwa na duara za kijani, kuonyesha mahali ambapo huenda pangegeuzwa kuwa bustani na maeneo wazi. Hebu fikiria uko Houston au Atlanta, umelala kwa binamu yako sebuleni, unafungua gazeti unakuta mtaa wenu umekuwa nukta ya kijani. Wakazi walitakiwa waonyeshe kwamba mtaa wao bado una uhai, kwamba watu wa kutosha wanarudi. Baadaye mwaka huo baraza la jiji likapitisha sheria: nyumba ambayo itakuwa haijasafishwa na kung'olewa vilivyooza kufikia tarehe 29 Agosti 2006 ingeweza kuchukuliwa au kubomolewa.

Sasa rudi kwa yule mama kwenye kiti cha plastiki. Ana miaka sabini. Hawezi kubeba jipsam iliyolowa. Kumlipa kontrakta ni maelfu ya dola ambazo hana. Pesa za serikali, kupitia mpango wa Louisiana ulioitwa Road Home, zina foleni ndefu, na hesabu yake ilitumia thamani ya nyumba kabla ya kimbunga pale thamani hiyo ilipokuwa ndogo kuliko gharama ya ukarabati. Nyumba mbili zilizofanana, moja mtaa wa Wazungu na nyingine mtaa wa Weusi, zingehitaji mbao zilezile na mafundi walewale, lakini ya mtaa wa Weusi ingepewa kidogo kwa sababu soko liliithamini kidogo. Kesi ilifunguliwa mwaka wa 2008 na ikamalizwa kwa makubaliano mwaka wa 2011. Na kabla hata ya kufika kwenye foleni, kuna wengi waliokwama kwa karatasi: nyumba ilikuwa bado na jina la babu, mirathi haikufanywa, na wote wanaoishi pale wanajua ni ya nani isipokuwa ofisi.

Hiyo ya jina la babu ilinifanya nisimamishe sauti nicheke peke yangu. Kwani nani kwetu hajui kesi ya shamba lenye jina la babu?

Kwa hivyo watu kumi wakija na mitaimbo na kumaliza nyumba ya mama huyo kwa siku kadhaa, hawajatoa takataka tu. Wamempa ushahidi. Wamefanya nyumba yake iseme, "Mwenyewe anarudi." Mmoja wa waliorekodiwa, fundi mzee, alieleza sheria ya kundi lao: hakuna kitu kinachoingia kwenye wilbaro kabla mwenye nyumba hajakiona. Hata kikiwa kimeoza. Huyo mama wa kwenye kiti alikataa karibu kila kitu kwa kutikisa kichwa. Alichobakisha ni sufuria nzito ya chuma iliyokuwa ya mamake. Kutu hutoka, alieleza, na mengine akanyamaza. Kwenye karatasi yangu niliandika "kimya, sekunde 9", kama mteja alivyoagiza.

Nilimfikiria aunti yangu. Aprili na Mei 2024, mafuriko yalipoingia Mathare, alilala kwenye ukumbi wa kanisa moja kwa wiki tatu. Kina mama wa pale walimpikia uji asubuhi na githeri jioni, wakampa blanketi, wakamwombea. Hajawahi kusema neno baya juu yao na mimi sitasema. Lakini wakati yeye yuko ukumbini, watu waliokaa kando ya mto walikuwa wameamriwa kuhama, na matingatinga yakaanza kazi. Shilingi 10,000 ziliahidiwa kwa kila familia. Aunti alikuwa na vyumba viwili vya mabati, kimoja akikipangisha. Aliporudi, hakukuta hata mahali pa kusimama aseme hapa palikuwa mlango.

Tukiwa na mafuriko, sisi ni wazuri sana wa siku ya kwanza. Sufuria zinatoka, nguo zinakusanywa, ukumbi unafunguliwa. Siku ya arobaini, wakati mtu anahitaji mwenzake wa kwenda naye ofisini, wa kumsaidia kuandika barua, au wa kusimama naye mbele ya tingatinga na kuuliza amri iko wapi, ukumbi umesharudi kuwa ukumbi wa harusi. Najua New Orleans si Mathare. Yule mama alikuwa na nyumba yenye anwani; aunti alikuwa na barua ya chifu na majirani. Na hata kule, wote hawakurudi. Lower Ninth Ward bado ina viwanja vilivyomea nyasi. Mtaimbo haujengi ukuta wa kuzuia maji, na ukarimu wa waumini usiwe kisingizio cha serikali kukaa.

Ila kuna mtu mmoja, fundi wa paa anayeimba besi kwenye kwaya ya kanisa lile. Siku moja baada ya tingatinga alimuuliza aunti kama kuna kitu anataka kuokoa. Aunti akasema mabati, kabla watu wa chuma chakavu hawajafika. Walienda wawili. Walipata kumi na moja yanayofaa, fundi akayanyoosha kwa nyundo barabarani, misumari akaitia kwenye mkebe wa maziwa. Mabati hayo sasa ndiyo paa la kibanda chake cha mboga, Kariobangi. Yanavuja upande mmoja. Aunti anasema ni yale ya chumba cha mpangaji, yalikuwa yanavuja hata zamani, na anayajua mahali pa kuweka ndoo.